Kichanganuzi changu husema tu "sarufi si sahihi": nitaonyeshaje kosa liko wapi hasa?

Mkamuaji_Data

Ndugu zangu, poleni na kazi. Nimeandika kwa lugha ya programu ya Go kichanganuzi kidogo, yaani programu inayosoma na kukagua sarufi ya faili la kanuni za malipo ya chama cha wafugaji. Faili hilo huandikwa na mhasibu asiyejua programu, kila kanuni ikiwa kwenye mstari wake. Likiwa na kosa, kila kitendakazi (kipande cha programu kinachosoma sehemu moja ya kanuni) hurudisha jibu la kushindwa, kile kilichokiita hujaribu njia nyingine nacho hushindwa, hadi juu kabisa nabaki na sentensi moja: sarufi si sahihi. Juzi mhasibu alimaliza asubuhi nzima akitafuta mabano yaliyosahaulika katika mistari zaidi ya 200. Ningependa kumpa mstari, safu (herufi ya ngapi katika mstari) na kilichotarajiwa. Nianzie wapi bila kuandika kila kitu upya?

Fundi_wa_Sarufi

Huna haja ya kuandika upya. Taarifa unayoitaka unayo tayari, ila unaitupa kila kichanganuzi kinaporudi nyuma kujaribu njia nyingine. Weka mahali pamoja pa kukumbuka nafasi ya mbali zaidi ambako tokeni (kipande kimoja cha matini, kama nambari, jina au mabano) imekataliwa, pamoja na orodha ya vilivyotarajiwa hapo. Tokeni ikikataliwa mbele ya nafasi hiyo, futa orodha uianze upya. Ikikataliwa palepale, ongeza kwenye orodha. Ikikataliwa nyuma yake, puuza. Njia zote zikishindwa, ripoti nafasi hiyo, kwa kuwa mara nyingi mwandishi alikuwa sahihi mpaka alipofika hapo.

Usimwagie mhasibu orodha yote, lakini. Kwake nambari, jina na mabano ya kufungua ni kitu kimoja, yaani "kiasi", kwa hiyo ipe kanuni nzima jina hilo na useme "hapa palitarajiwa kiasi".

Kwa mabano pekee njia hii haitoshi, maana nafasi ya mbali zaidi itakuwa mwisho wa mstari. Lugha ya programu ya Python nayo ilikuwa na udhaifu wa aina hii, mara nyingi ikilalamikia mstari usio na hatia, hadi toleo la 3.10 la mwaka 2021 lilipoanza kuelekeza kwenye mabano yenyewe. Hifadhi nafasi ya kila mabano yanayofunguliwa, kisha utoe ujumbe kama huu:

    kanuni.txt, mstari wa 41, safu ya 9
    kiasi = (lita * bei - makato
            ^
    mabano haya yamefunguliwa na hayakufungwa

Pwani_Misimbo

Naunga mkono, ila kuwa mwangalifu na safu. Go hupima matini kwa baiti, si kwa herufi. Andika neno *ng’ombe* kwa ile apostrofi iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, nayo itachukua baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi ambao Go huutumia. Kila kilicho baada yake kitahesabiwa safu 2 zaidi, na mshale wako utaelekea pasipo na kitu. Mimi lilinichukua siku mbili kulibaini, kwa sababu majaribio yangu yote yalikuwa ya mbuzi na kondoo.

Ndani ya tokeni hifadhi nafasi ya baiti tu. Mstari na safu vihesabu kosa linapotokea, kwa kurudi mwanzo wa faili na kuhesabu mistari, kisha herufi za mstari husika. Moduli ya json ya Python (sehemu yake inayosoma data ya muundo wa JSON) nayo hupata mstari na safu kwa namna hiyo, na kosa lake hubeba ujumbe, matini, nafasi, mstari na safu, kila kimoja peke yake. Nawe rudisha muundo wenye sehemu hizo badala ya sentensi iliyokwisha kuungwa, ili mhasibu asome Kiswahili, kumbukumbu za seva ziandikwe utakavyo, na majaribio yakague nafasi bila kutegemea maneno.

Mkamuaji_Data

Ahsanteni sana. Mshale sasa unakaa juu ya mabano, hata kwenye mistari ya ng’ombe. Nimeongeza pia kwamba kosa likipatikana, kichanganuzi huruka hadi mstari unaofuata na kuendelea, ili mhasibu aone makosa yote kwa mkupuo mmoja. Tatizo jipya ni kwamba jina *makato* likiwa na kosa pale linapofasiliwa, kila mstari unaolitumia baadaye huripotiwa kuwa una jina lisilojulikana. Kosa moja limenizalia kumi na moja.

Fundi_wa_Sarufi

Lisajili jina hilo hata kama upande wake wa kulia umeharibika, ukiliwekea alama kwamba thamani yake ni mbovu. Hesabu yoyote inayoligusa nayo iwe mbovu kimyakimya, bila kutoa ujumbe. Ikiwa kosa liko upande wa kushoto, kabla jina halijasomeka, hapo hakuna la kusajili. Hayo ya ziada mhasibu atayavumilia.