ACT 22 na SAT 1080: ipi inaonyesha utayari wa chuo?

Mdau_12: Mwanafunzi wa darasa la 12 Marekani, anataka uhandisi, kafanya ACT na SAT, mitihani ya kuombea vyuo huko. ACT: Kiingereza 24, Hisabati 19, Kusoma 23, Sayansi 20, wastani 22. SAT: Kusoma na Kuandika 600, Hisabati 480, jumla 1080. Tufuate ipi?

Mwl_Namba: Mkuu, hiyo 22 na hiyo 1080 ziweke kando kwanza. Wastani wa Kiingereza, Hisabati na Kusoma ni 22, ila Kiingereza kimeibeba Hisabati mgongoni. Viwango vya utayari husomwa somo kwa somo. ACT: Kiingereza 18, Hisabati 22, Kusoma 22, Sayansi 23. SAT: 480 kwa Kusoma na Kuandika, 530 kwa Hisabati. Mitihani yote miwili inasema lugha ipo, hesabu bado.

Kipimajoto: Sawa, ila kwa uhandisi ACT inafichua zaidi. Ina kiwango cha STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati): wastani wa Hisabati na Sayansi ufike 26. Hapa ni 19.5, pengo kubwa. SAT haitoi alama ya sayansi peke yake. Angalizo: tangu 2025 Sayansi ya ACT ni hiari na haiingii kwenye wastani, hivyo asiyeifanya hapati namba ya STEM.

Mdau_12: Kwa hiyo 480 ni kufeli?

Mwl_Namba: Hapana. 530 maana yake uwezekano wa 75% wa kupata angalau C kwenye kozi ya hisabati ya muhula wa kwanza. Chini ya hapo uwezekano unapungua, haufi. Na mtihani hauna usahihi wa mizani ya dhahabu: alama ya sehemu moja ya SAT hucheza kama 30 juu au chini. Lakini hata 510 haifiki 530.

Kipimajoto: Fungua ripoti ya SAT uone maeneo manne ya Hisabati. Aljebra na hisabati ya juu hubeba takribani 35% kila moja. Jiometri na trigonometria 15% tu. Palipopungua pakiwa aljebra, kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) itamlemea. Pakiwa jiometri, hilo linarekebishika kiangazi.

Mdau_12: Shuleni ana A ya Hisabati.

Mwl_Namba: A ya kozi gani? Ya takwimu haizibi pengo la prikalkulasi, kozi ya kujiandaa kwa kalkulasi. Uliza pia chuo kama kina mtihani wa kupanga madarasa kabla ya muhula; mara nyingi huo ndio unaoamua aanze kalkulasi au arudishwe aljebra.

Kipimajoto: Na ukiona pasentaili kwenye ripoti, usidhani ni asilimia ya maswali aliyopata. Ni asilimia ya wanafunzi aliowafikia au kuwapita.