Kitanzi kirudishwe? Tuwatazame kwanza waliokirudisha

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, hasa ya mtoto, kilio huwa kimoja: adhabu ya kifo irudi. Sipendi kuona kilio hicho kikidharauliwa. Wanaokitoa si watu wakatili. Wengi wao wamemzika ndugu ambaye hakustahili kufa, kisha wakaenda mahakamani wakamkuta aliyemuua yu mzima, ameketi, anapumua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Atakayemwambia mama aliyeuliwa binti yake kwamba hasira yake ni ushenzi, huyo hatuko pamoja.

Hata hivyo, napinga adhabu hiyo kurudishwa. Naweka sababu zangu mezani, na wenye msimamo tofauti nawaomba wanijibu kwa hoja.

Naona mjadala huu huanzia pabaya. Tunaulizana: aliyembaka mtoto na kumuua, anastahili kuishi? Likiulizwa hivyo, jibu limeshatoka kabla ya mtu kufikiri. Lakini mahakama haina njia ya kumnyonga muuaji moja kwa moja. Inamnyonga mtu ambaye polisi walimkamata, mwendesha mashitaka akamshitaki, wakili akamtetea (kama alikuwa naye, na kama aliisoma kesi), jaji akaridhika. Mara nyingi mtu huyo kweli ndiye. Mara nyingine siye. Kwa hiyo la kuamua ni kama tunaiamini safari hiyo nzima, tangu kituo cha polisi hadi rufaa ya mwisho, kiasi cha kuikabidhi roho ya mtu.

Na hapa hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu zipo nchi zilizoachana na adhabu hii kisha zikairudisha. Ufilipino iliifuta kwa Katiba ya 1987, ila Katiba hiyohiyo ikaliachia Bunge nafasi ya kuirudisha kwa makosa mazito. Hofu ya uhalifu ilipozidi, mwaka 1993 Bunge likairudisha. Kati ya 1999 na 2000 watu 7 waliuawa kwa sindano ya sumu. Kisha mwaka 2004, ndani ya hukumu moja, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa hesabu ya kazi yake yenyewe. Katika kesi 907 za kifo ilizokuwa imezipitia, ilithibitisha kifo katika kesi 230 tu. Katika kesi 651 hukumu ya kifo haikusimama: ilipunguzwa, au kesi ikarudishwa chini, au ikafutwa. Miongoni mwao, watu 65 waliachiwa huru kabisa.

Hesabu hiyo waliitoa majaji wenyewe, si wanaharakati. Zaidi ya kesi 7 katika kila 10, mahakama ya chini ilisema mtu huyu afe, na ya juu ikasema hapana. Mwaka 2006 nchi hiyo ikaifuta adhabu ya kifo kwa mara ya pili.

Najua jibu litakalokuja: basi mfumo ulifanya kazi, makosa yalinaswa. Yalinaswa kwa sababu sheria ya kule ililazimisha kila hukumu ya kifo ifike Mahakama ya Juu, mtuhumiwa akate rufaa asikate. Lakini kama mahakama za chini zilikosea kwa kiasi hicho, ni nani anayeweza kuapa kwamba majaji wa juu, ambao nao ni binadamu wanaosoma majalada yaleyale yaliyoandaliwa na polisi walewale, hawakupitiwa na hata moja katika zile 230?

Pakistan ndiyo inayonisumbua zaidi. Desemba 2014 magaidi waliingia shule moja ya Peshawar wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao watoto. Hakuna moyo uliobaki salama siku ile. Ndani ya siku chache serikali ikaondoa zuio la kunyonga lililokuwapo tangu 2008. Ilisema ni kwa kesi za ugaidi tu. Machi 2015, miezi mitatu baadaye, zuio likaondolewa kwa makosa yote yanayobeba adhabu ya kifo. Mwaka huo walinyongwa watu zaidi ya 300, wakiwamo wengi ambao kesi zao hazikuhusiana kabisa na ugaidi. Oktoba 2016 Mahakama ya Juu ikasikiliza rufaa ya ndugu wawili, ikaona ushahidi dhidi yao hautoshi, ikaamuru waachiwe. Walikuwa wameshanyongwa mwaka mmoja kabla, rufaa yao ikiwa bado inasubiri zamu.

Tukio la Peshawar lilitokea kweli, na hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini kamba iliyofungwa kwa ajili ya wauaji wa watoto wale iliishia shingoni mwa watu wasiohusika nao. Anayesema "irudishwe kwa makosa mabaya sana tu" atuambie ataizuia vipi isitanuke, maana wa Pakistan nao walianza na "tu" hiyohiyo.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo nataka niikabili waziwazi. Wanasema: sawa, tuachane na kesi zenye utata, tunyonge wale tu ambao ushahidi wao hauna chembe ya shaka. Hoja hii huwavuta hata watu waangalifu.

Kwanza, tayari hakuna anayehukumiwa kwa ushahidi wenye shaka ya msingi, kwa mujibu wa sheria. Wale 65 wa Ufilipino nao mahakama ilisema wamethibitishwa. Pili, kuna kesi ya Birmingham. Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji huo wa Uingereza, watu 21 wakafa. Walikamatwa wanaume sita. Wanne walitia saini maelezo ya kukiri. Mtaalamu wa maabara akatoa ushahidi kuwa vipimo vya mikono vilionyesha dalili za baruti. Desemba mwaka huohuo Bunge lilijadili kurudisha kunyonga kwa makosa ya ugaidi, likakataa. Mwaka 1975 sita hao walifungwa maisha, na jaji akawaambia kwamba ushahidi uliowatia hatiani ulikuwa wazi na mzito kuliko wowote aliowahi kuusikia katika kesi ya mauaji.

Mwaka 1991 waliachiwa huru wote. Maelezo ya polisi yalibainika kuwa yamechezewa, na vile vipimo havikuwa vya kuaminika. Kesi ya jaji huyo isiyo na chembe ya shaka ilikuwa na watu sita wasio na hatia. Bunge lingekubali siku ile, na sheria ikawagusa, leo tungekuwa tunazungumzia makaburi.

Wengine wataniambia siku hizi kuna vipimo vya vinasaba. Ni kweli, vinasaidia sana. Vilimwokoa Kirk Bloodsworth huko Marekani, aliyehukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumuua mtoto wa miaka 9 baada ya mashahidi watano kumtambua, na akatoka mwaka 1993 vipimo vilipoonyesha siye. Lakini alitoka kwa sababu mhalifu aliacha alama kwenye nguo ya mtoto, na nguo ikatunzwa. Mauaji mengi hayaachi kitu cha kupima. Yanaacha shahidi aliyeona kwa mbali, au karatasi ya kukiri iliyoandikwa usiku kituoni.

Kuhusu kuwatisha wahalifu sina mengi. Kanada iliifuta adhabu ya kifo mwaka 1976, wakati mauaji yakiwa takriban 3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kufikia 2003 yalikuwa chini ya 2. Sisemi kufuta kitanzi ndiko kulikopunguza mauaji. Nasema kuondoka kwake hakukuwafungulia wauaji mlango kama ilivyohofiwa. Anayepanga kuua huwaza kama atakamatwa, na pale wauaji wengi hawakamatwi, ukali wa adhabu hauwafikii.

Wapo wanaoleta hoja ya dini, nami naiheshimu. Ila tusichukue nusu. Katika sheria ya Kiislamu, kisasi kinaambatana na haki ya warithi wa marehemu kusamehe au kupokea diya, yaani fidia ya damu, na msamaha umesifiwa. Wengi wanaodai kitanzi kwa jina la dini wanataka serikali ishike kamba peke yake, na familia isiwe na neno. Upande wa Wakatoliki, mwaka 2018 Papa Francis alibadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, ikasema adhabu hii haikubaliki.

Na kama kuna waliokuwa na sababu ya kuishikilia, ni Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mwaka 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani kwa kushiriki. Mwaka 2007 nchi hiyo iliifuta kabisa adhabu ya kifo, wauaji wengi wakiwa bado hai magerezani. Sidhani kama yupo kati yetu anayeweza kuwafundisha Wanyarwanda uchungu wa kufiwa.

Wafiwa wanastahili zaidi ya kuambiwa wavumilie. Wanastahili upelelezi unaoanza siku ileile, kesi isiyoahirishwa miaka na miaka, kifungo cha maisha kisichogeuka msamaha wa kimyakimya siku ya sikukuu, na fidia kwa watoto walioachwa bila mlezi. Fedha na nguvu zinazotumika kupigania kitanzi zingefaa ziende huko, na hapo nadhani hata tunaopingana tunaweza kusukuma pamoja.

Kwa wanaotaka kirudi, swali langu ni hili. Katika sheria mnayoitaka, andikeni kifungu cha siku ambayo mahakama itagundua kuwa aliyenyongwa hakuua. Nani atawajibika: mpelelezi, jaji, au rais aliyetia saini? Kwa adhabu gani? Na familia yake italipwa nini? Mkikiandika mkaridhika nacho, kileteni hapa tukisome.