Pawa saplai mbili kwenye kompyuta moja, inawezekana au ntaunguza mashine?

mpigapicha_mby:
Habari za humu wakuu, naombeni msaada wa haraka. Niko Mbeya hapa Mwanjelwa, kazi yangu video, harusi na kwaya hasa, na kwaya za huku mnazijua, albamu moja nyimbo nane na kila wimbo sare zinabadilika, yani kuediti ni usiku na mchana. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 ile kubwa ya kusimama, i5-4590, ram 16. Sasa nimepata kadi ya grafiki (ya kusaidia video) RX 580 ya 8GB iko safi kabisa, shida inakuja kwenye pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta, hii ya Dell ni wati 290 na haina kabisa ule mkia wa pini 8 wa kulishia kadi. Nikasema basi nibadilishe niweke kubwa, nafungua kava nakuta mkia unaoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) una pini 8 tu wakati zinazouzwa madukani zote zina pini 24.

Sasa nyumbani nina pawa saplai nyingine ya kawaida imeandikwa 500W. Fundi mmoja kaniambia niiweke pembeni ilishe kadi peke yake, ya Dell ibaki na mazabodi, kuiwasha ni kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Fundi mwingine kaniambia nikithubutu mazabodi inakufa siku hiyohiyo. Nimsikilize nani? Kuna kwaya ya Tukuyu wanataka kazi yao kabla ya Pasaka na advansi nishapokea, siwezi kucheza na hii mashine.

kijana_uyole:
Mkuu inafanya kazi vizuri tu, mimi kuna kipindi nilikua naendesha hivyo. Kachukue kipini cha karatasi, kunja kama U, chomeka kwenye kijani na mweusi wowote wa jirani kwenye ule mkia wa pini 24, washa swichi ya nyuma, feni ikizunguka basi. Unawasha hio kwanza afu ndo unabonyeza ya Dell.

dadafundi:
Kamwene kaka, poleni na kazi. Mimi niko Iringa, kazi yangu ndo hizi mashine. Wote wawili wamekwambia nusu. Inawezekana, watu wa kuchimba sarafu za kidijitali walifanya hivi miaka mingi, pawa saplai mbili tatu kwenye mazabodi moja, ila kuna mambo yakikosewa kweli unaunguza.

La kwanza kabisa, nyaya za njano (volti 12) za pawa saplai mbili zisikutane popote. Usije ukasema uziunge ili nguvu ijumlishwe, haijumlishwi. Kila pawa saplai inatoa volti 12 yake, kiwango kinaruhusu kuanzia 11.4 mpaka 12.6, kwahiyo moja itakua na 12.1 nyingine 11.9, ukiziunga ile ya juu inabeba karibu mzigo wote na kuisukuma mwenzie, zinagombana mpaka moja inajizima au inakufa. Nyaya nyeusi ndo kinyume chake, hizo LAZIMA zikutane, maana kadi inakula huku na huku, sehemu inatoka kwenye sloti ya mazabodi na sehemu kwenye ule mkia wa pini 8, sasa kama nyeusi za pande mbili hazijui sifuri moja, umeme utatafuta njia ya kurudi kupitia nyaya nyembamba za data. Kama pawa saplai ya pili inakaa nje ya kava, chukua waya mnene toka nyeusi yake ufunge na skrubu kwenye bati la kompyuta, usitegemee bahati.

Na ujue hata ukiweka ya pili, ile ya Dell haipumziki. Sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, hizo zinatoka kwa Dell. Prosesa yako ni wati 84. Ongeza diski na feni bado iko ndani ya 290, sawa. Mkia wa pini 8 umepimwa wati 150, hizo ndo za pawa saplai ya pili.

Kipini cha karatasi: kwa kupima tu, dakika mbili unaangalia kama pawa saplai ni nzima. Kuiacha hivyo kwenye mashine ya kazi hapana. Kikichomoka katikati ya kurendi (mashine inatoa video iliyokamilika) kadi inakosa umeme ghafla wakati mazabodi iko hai, na ukizima kompyuta ile nyingine inabaki inawaka, kadi inalishwa upande mmoja usiku kucha. Kuna kibao kidogo chenye rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) kinaitwa Add2PSU, unakipa umeme toka pawa saplai ya kwanza, ile volti 12 ikifika rilei inafunga kijani na nyeusi za ya pili, kwahiyo zinawaka pamoja zinazima pamoja, na nyeusi zinaungana palepale. Tafuta kinachopokea mkia wa SATA (ule wa kulishia diski) maana Dell yako haina ule wa Molex wa pini 4 kubwa.

Kabla hujaenda mbele, nitumie kilichoandikwa kwenye stika ya hio 500W. Angalia mstari wa +12V una ampea ngapi, usiangalie yale maandishi makubwa.

mpigapicha_mby:
Asante sana dada. Nimeangalia, +12V imeandikwa 15A. Na mkia wa kadi sioni, kuna mmoja wa pini 4+4 unafanana kabisa, nikajaribu kuuchomeka kama unaingia unakua mgumu kidogo. Kuna jamaa dukani ana kiunganishi cha kutoka SATA kwenda pini 8 anasema ndo watu wote wanatumia.

dadafundi:
Simama hapohapo kaka, toa huo mkia!! Ule wa 4+4 ni wa prosesa. Wa prosesa una njano nne na nyeusi nne, wa kadi una njano tatu na nyeusi tano, na zimekaa pande zilizopinduka, yani pale kadi inapotegemea nyeusi unaiingizia volti 12. Ugumu ule ndo plastiki inakukataza. Ukiulazimisha ukawasha, kadi imekwenda na hakuna wa kuifufua.

Cha SATA nacho achana nacho. Mkia mmoja wa SATA upande wa volti 12 una pini tatu, kila moja ampea 1.5, jumla 4.5, ndo wati 54. Kadi inakuja kuvuta wati 150 hapo. Nimepokea mikia ya hivyo imeyeyuka, plastiki imegeuka kahawia na pini zimezama ndani, mmoja ulikua umeshika kabisa na kadi ikabidi nikate.

Sasa hesabu: 15 mara 12 ni 180. Hio 500W yako ni ya wati 180 upande unaotumika, na hapo nimeamini stika. Tena zile za bei ndogo volti 12 na volti 5 zinarekebishwa pamoja, ukiiwekea mzigo wa 12 peke yake bila kitu kwenye 5, ya 12 inashuka na ya 5 inapanda. Kulisha kadi peke yake ndo kazi mbaya kuliko zote kwa pawa saplai ya aina hio. Mimi nisingeiweka.

baba_makambako:
Naongeza kitu ambacho watu wengi wa huku hawakiangalii, umeme wenyewe. Mkiweka pawa saplai mbili zote ziwe kwenye ekstensheni moja. Nimeona mtu kaweka moja kwenye UPS na nyingine ukutani kwa sababu UPS ni ndogo, umeme ukikatika kompyuta inabaki hewani lakini kadi imezima, skrini nyeusi na kazi yote imepotea, UPS haijasaidia kitu.

Jambo lingine ni waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu lakini la ethi halijaungwa popote. Unagusa bati la kompyuta linakutekenya, si ndio? Hio inatoka kwenye kichujio cha ndani ya pawa saplai, kina kapasita zinaunga laini na nyutro kwenye bati, ethi ikikosekana bati linaelea kwenye volti kama 115 hivi, mkondo ni mdogo kwahiyo unasikia kama sindano. Ukiweka pawa saplai mbili mivujo inajumlishana. Afu wewe unachomeka kamera na spika za kwaya kwenye hilo bati. Mwite fundi wa umeme apime ethi kwanza, hio ni kabla ya kununua chochote.

kijana_uyole:
Mkuu wa Makambako hapo kwenye ethi umegusa penyewe, hata kwangu bati linanitekenya nilijua ni kawaida ya mashine. Ntamwita mtu aje acheki.

mpigapicha_mby:
Nimewasikia. Sasa kwa hali hii nifanyeje, maana kadi ninayo na kazi inasubiri.

dadafundi:
Ushauri wangu kaka achana na mbili kabisa, kwa mashine yako hazina sababu. Pawa saplai mbili zina maana pale kadi ni nyingi na moja haiwezi kuzibeba. Wewe una kadi moja ya wati 185, prosesa 84, jumla 269 kabla ya diski, pawa saplai moja nzuri ya wati 550 inabeba yote ikiwa imetulia. Kilichokukwamisha ni mkia wa mazabodi, na hilo lina dawa, kuna waya wa kugeuza pini 24 kuwa pini 8 za Dell, unauzwa kwa jina la OptiPlex 9020, 7020 na 3020. Hilo kava lako la kusimama linapokea pawa saplai ya saizi ya kawaida ya ATX, skrubu zinakaa. Usichukue wa HP, EliteDesk 800 G1 ni pini 6 na mpangilio mwingine, ukimwambia muuzaji "nipe wa kugeuza" tu atakupa wowote.

Pawa saplai chagua yenye +12V ya ampea 40 kwenda juu na mkia wa kadi ulioandikwa PCIe toka kiwandani. Ukikosa Mbeya agiza Dar, mabasi ya usiku yanaleta.

Na kabla ya kulipa pima kwa rula, toka bati la nyuma mpaka kwenye kizimba cha diski, RX 580 nyingi ni ndefu zina feni mbili, kwenye 9020 zinagusana na kizimba.

mpigapicha_mby:
Nimepima, kadi ni sentimita 24, kizimba kinaigusa kidogo pembeni pale kwenye diski ya chini.

dadafundi:
Hamisha hio diski juu. Na kwa kazi ya Tukuyu endelea na grafiki ya ndani ya prosesa kwanza, editi kwa proksi za 720 (nakala nyepesi za video), kadi utaifunga pawa saplai ikifika.

mpigapicha_mby:
Ndaga fijo dada, na baba wa Makambako pia. Kesho asubuhi fundi wa ethi anakuja, waya wa pini 24 kwenda 8 nishauagiza.