Ushauri: binti yangu amezama kwenye vitabu vya walowezi wa Marekani, nimwache?

MamaTausi: Wakuu habari za jioni. Tunaishi Minnesota, binti yangu ana miaka tisa. Kaazima Little House on the Prairie maktaba, sasa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kila usiku ni gari la turubai kuvuka mto uliofurika, baba kujenga nyumba ya magogo. Nami nimenogewa, sikatai. Ila nimefika mahali jirani yao anasema Mhindi Mwekundu mwema ni aliyekufa. Rafiki yake binti wa darasani ni Mojibwe, kabila la wenyeji asilia wa huku! Nimnyang'anye? Na vipo vingine vya umri wake?

Kipanga: Hadithi tu hiyo dada. Mwache mtoto asome.

MwalimuMstaafu: Kipanga, hapana. Asimnyang'anye, lakini wakisome pamoja. Familia ya mwandishi, Laura Ingalls Wilder, ilifika Kansas 1869 ikajenga kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji asilia wa pale, bila ruhusa. Kitabu kinamwonyesha baba akikasirika kwamba serikali itawaondoa. Muulize binti, na Waosage wenyewe walijisikiaje? Hilo kitabu hakimpi. Laura alikuwa na miaka miwili hivi, kwa hiyo mengi ni simulizi za wazazi wake. Mwonyeshe pia Dk. Tan, daktari mweusi aliyewatibu malaria. Huyo alikuwepo kweli, na watu humruka.

Kisha mtafutie The Birchbark House cha Louise Erdrich, 1999. Omakayas, msichana wa Kiojibwe, kisiwani Ziwa Superior, mwaka 1847. Kuchuna magome, kutengeneza sukari ya mti, dubu, mdogo wake wa kiume mtundu. Kinanoga vilevile.

MtotoWaEldoret: Hata kwetu Makaburu waliingia Uasin Gishu 1908 na magari ya maksai, yakikwama matopeni. Ukimsikiliza mjukuu wa Kaburu ni ushujaa mtupu. Ukimsikiliza babu yangu, ni malisho yaliyopotea.

MamaTausi: Shikamoo mwalimu. Hicho cha Erdrich nimesikia kina ndui na mtoto mchanga anakufa. Si kizito kwa miaka tisa?

MwalimuMstaafu: Marahaba. Ni kizito, mkifika hapo kaa naye. Lakini hata vitabu vya njia ya Oregon, ile ya walowezi kwenda magharibi mwa Marekani, vina vifo, kipindupindu kiliwamaliza wengi.

Kipanga: Haya, nakubali. Ila za Oregon mpe pia, mwanangu alizipenda. Kilomita zaidi ya 3,000, miezi minne hadi sita, na wengi walitembea kwa miguu kwa sababu gari lilijaa unga na nyama ya chumvi. Aliposikia hivyo akaacha kulalamika basi la shule.

MamaTausi: 😂 Nimeshakiagiza cha Erdrich maktaba. Mama wa yule rafiki yake naye nimemuuliza. Kasema Omakayas kwao anajulikana kama mtoto wa jirani, na watakuja Jumamosi wasome wote.