Tulichangia gemu kwa ahadi ya Kiswahili, sasa wanaikata nusu: tudai pesa au tusubiri?

Mwana wa Michenzani

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nnaomba ushauri, na nnaomba msome mpaka mwisho kabla hamjajibu.

Maskani yetu hapa Michenzani ni ya vijana wapenda gemu. Si za mpira peke yake. Tunapenda zile za visa, ambazo unatembea, unaokota vitu, unazungumza na wahusika na kufumbua fumbo moja baada ya jengine. Kikundi cha watengenezaji wa Ulaya kilifungua mchango Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha fedha za miradi, kwa gemu ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya kisa inapita kwenye visiwa vya pwani kama yetu: bandari, majahazi, vichochoro vya nyumba za mawe. Wakaahidi kuwa fedha zikivuka kiwango fulani, maandishi yote yatakuwemo kwa Kiswahili pia. Hapo ndipo tulipoingia. Kila mmoja alitoa shilingi 20,000, mimi nikalipa kwa kadi yangu, na daraja tuliyochukua ni ile ya jina la maskani kuandikwa mwisho wa gemu. Kiwango kikafikiwa, kikapitwa.

Tarehe ya kwanza ya kutoka ikapita. Wakaomba radhi, wakataja ya pili, nayo ikapita. Baada ya hapo kimya kirefu. Sasa limekuja tangazo: gemu itagawiwa sehemu mbili. Ya kwanza itauzwa kwa kila mtu ili ipatikane fedha ya kumalizia ya pili, na lugha zisizokuwa Kiingereza "zitafuata bajeti ikiruhusu". Wachangiaji tutapewa sehemu zote mbili bila kulipa tena. Lakini hilo la Kiswahili ndilo lililotuchoma.

Na si watu wa kudharau hawa. Mwanzoni walionesha picha ya bandari, jahazi limechorwa tanga la mraba. Mdogo wetu mmoja ambaye babake ni baharia akawaandikia kuwa jahazi la huku tanga lake ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga, na foromali inakaa mshazari juu ya mlingoti. Picha iliyofuata ilikuwa sawasawa, hata kamba ya demani ipo mahali pake, na wakamshukuru kwa jina mbele ya wachangiaji wote. Watu waliotusikiliza namna ile wakinyamaza, inauma zaidi.

Nnachouliza: tunayo haki ya kudai pesa? Na kuna wenzangu wawili wanataka niwalipe mimi kutoka mfukoni kwa kuwa kadi ilikuwa yangu, je ni haki yao? Tena kuna wachangiaji wa nje wanatushawishi sote tuipe gemu alama mbaya siku itakapotoka. Tuingie?

Jiwe la Kwerekwe

Dai leo, usingoje kesho. Mtu kachukua pesa yako kwa ahadi, ahadi kaivunja mara mbili, ya tatu kaigeuza. Shilingi 20,000 kwa kijana wa maskani ni pesa. Hayo ya tanga ni mambo ya kupoza watu tu.

Fundi wa Chake

Waalaykum salaam kaka. Mimi nnaandika programu, ndiyo kazi yangu, na hichi kisa chenu kimewahi kutokea karibu hatua kwa hatua.

Februari 2012, Double Fine ya San Francisco, kampuni ya Tim Schafer, yule aliyeongoza Grim Fandango mwaka 1998, iliomba dola 400,000 Kickstarter. Laki tatu za kutengeneza gemu ya visa, laki moja za filamu ya kuonesha kazi inavyokwenda. Lengo lilifikiwa siku ile ile. Mchango ulipofungwa Machi ulikuwa umepita dola milioni 3.3, kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Makisio yao gemu itoke Oktoba ya mwaka huo huo.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na munatakiwa mulielewe hili vizuri. Makisio ya Oktoba yalikuwa ya gemu ndogo. Fedha zilipokuja mara nane ya zilizoombwa, hakuna mchangiaji aliyetaka ile ndogo tena. Kisa kikapanuka. Kikipanuka kinataka wachoraji zaidi, waigizaji wa sauti, na mishahara ya miezi mingi zaidi. Julai 2013 Schafer akawaandikia wachangiaji kuwa fedha hazitafika, na kwamba gemu itakatwa mbili, ya kwanza iuzwe kumalizia ya pili. Watu waliwaka, na walikuwa na sababu nyengine juu ya hiyo: muda mfupi tu kabla, kampuni ilikuwa imefungua mchango wa gemu nyengine kabisa. Nusu ya kwanza ya gemu hiyo, iliyopewa jina Broken Age, ilitoka Januari 2014, ya pili Aprili 2015. Ilichelewa sana. Lakini ilitoka nzima, na wachangiaji hawakutoa senti zaidi.

Kitu kimoja walichokuwa nacho wale, na nyinyi hamuna, ni ile filamu. Kila baada ya muda wachangiaji walipata kipande kipya: mkutano wa bajeti, mtu anaeleza kwa nini chumba kimoja cha gemu kimekula wiki nzima, mpaka zile nyuso za watu waliochoka. Mtu akiona hivyo anaweza kukasirika lakini hajioni ametupwa. Watengenezaji wenu wamekuacheni gizani, na hilo mimi nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Jengine, msitazame jumla ya mchango mkadhani yote ni ya gemu. Kickstarter hukata asilimia 5, kuna makato ya malipo, kuna kodi, kuna fulana na mabango ya kutuma duniani kote. Kinachobaki kigawieni kwa mishahara, mtaona mwaka unavyokuwa mfupi.

Binti Wete

Nimewahi kutafsiri programu za simu, nizungumzie Kiswahili tu. Tafsiri hufanywa maandishi yakishatulia. Ukitafsiri kisa ambacho bado kinabadilishwa, unafanya kazi mara tatu na unalipwa mara moja. Kwa hiyo lugha kuja mwisho ni jambo la kawaida.

Kisichokuwa cha kawaida ni neno "bajeti ikiruhusu". Lugha ilikuwa na kiwango chake cha fedha, na kiwango kilifikiwa. Halafu waulizeni kama gemu imejengwa kupokea ngeli. Gemu nyingi huunganisha vipande: "umeokota", jina la kitu, rangi yake. Kwa Kiingereza rangi haibadiliki. Kwetu ni ufunguo mwekundu, kisu chekundu, taa nyekundu. Mashine isipoandaliwa mapema, kila sentensi ya aina hiyo itatoka imevunjika, na kurekebisha baadaye ni ghali. Wakijibu kwamba wameshalifikiria, mna watu wanaofanya kazi kweli. Wasipoelewa hata swali, hapo muwe na wasiwasi.

Jiwe la Kwerekwe

Binti Wete umenifungua kidogo. Lakini bado nasema, subira ya bure bila tarehe mimi siipendi.

Mzanzibari wa Mbali

Nimechangia miradi kadhaa kutoka huku niliko. Kickstarter walishasema tangu 2012 kuwa wao si duka. Masharti yao yanasema mradi ukishachangiwa kuna mapatano kati ya mtengenezaji na mchangiaji. Akishindwa kutimiza, anatakiwa aeleze fedha zimetumikaje, na arejeshe kilichobaki kwa wasiopokea au aeleze atakavyomaliza. Kickstarter wenyewe hawarejeshi pesa. Kwa hiyo mlango wenu wa kwanza ni mtengenezaji mwenyewe. Benki yenye kadi ni mlango wa pili, na benki huweka ukomo wa siku za kulalamika, kwa hiyo uliza mapema.

Ukweli ambao wachangiaji wengi hawauambiwi: Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha mwaka 2014 kuwa miradi zaidi ya asilimia 75 aliyoitazama ilichelewa. Mwaka uliofuata akatoa uchunguzi mwengine, ukaonesha kiasi cha asilimia 9 ya miradi iliyochangiwa haikutimiza. Kuchelewa ni jambo la kutarajia, kudhulumiwa ni nadra zaidi, ingawa kupo. Mwaka 2015 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilimchukulia hatua mtu aliyekusanya zaidi ya dola 122,000 za mchezo wa mezani, akautangaza umekufa, kumbe fedha nyengine alilipia kodi ya nyumba yake. Wenu hawajafika huko hata kidogo.

Alama mbaya msiingie. Nusu ya kwanza isipouzika, fedha ya nusu ya pili itatoka wapi? Na Kiswahili je?

Ukhti Mkunazini

Nisemee hao wawili wanaotaka walipwe. Wewe kwa wenzako ni wakili: walikupa pesa uwalipie jambo wanalolijua. Tulivyosomeshwa, mkono wa wakili ni mkono wa amana, hadhamini ila akizembea au akivuka alichoagizwa. Kama walisikia tangu mwanzo kuwa ni mchango, na pesa ilifika ilikokusudiwa, sioni kwa nini uitoe mfukoni. Ukitaka kuwalipa kwa wema, hilo ni jambo lako, lakini wasikulazimishe. Kwa hukumu khasa kamuulize sheikh wako.

Kuhusu watengenezaji, nalitazama kama kumuagiza seremala mlango wa nakshi. Mkikubaliana uwe na yungiyungi na minyororo kwenye miimo, akakuletea mtupu, unayo haki ya kuukataa hata kama ni mlango mzuri. Sifa iliyotajwa ni sehemu ya mapatano. Kiswahili kilitajwa, tena kilitajwa ili mtoe. Msione haya kukidai, na dai lenu lisimamie hapo badala ya tarehe.

Mwana wa Michenzani

Allah akulipeni kheri nyote. Nimekaa na wenzangu jana tumesoma majibu yote kwa sauti. Mmoja kati ya wale wawili ameridhika na maneno ya Ukhti. Mwengine safari yake ya Oman imekaribia na anaihitaji pesa, huyo tumekubaliana maskani tumchangie, nafasi yake ibaki kwetu. Alama mbaya hatuingii.

Tutaandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii, nikosoeni:

"Sisi ni wachangiaji wenu kutoka Zanzibar. Tulitoa kwa sababu mliahidi Kiswahili, na kiwango mlichokitaja kilifikiwa. Tunaomba mtujibu. Fedha ya lugha imetumika wapi? Maandishi ya gemu yatafungwa lini ili yatafsiriwe, na je, mfumo wenu unaweza kupokea ngeli za Kiswahili? Ikiwa Kiswahili hakitakuwemo sehemu ya kwanza, tunataka ahadi ya maandishi kuwa kitakuwemo ya pili, au mturejeshee tulichotoa. Tuko tayari kusoma tafsiri na kusahihisha. Mkinyamaza tena tutawatangaza kila mahali."

Binti Wete

Sentensi ya mwisho itoe, iwekee badala yake siku ya kujibu, wiki mbili zinatosha. Hiyo ya kusahihisha iache, ila andika wazi kuwa kutafsiri ni kazi ya kulipwa na nyinyi mtasoma tu, wasije wakakutupieni kazi nzima. Ambatanisha na picha ya pale walipoandika ahadi ya Kiswahili.

Fundi wa Chake

Na waombe taarifa kila mwezi, hata ya aya moja.

Mwana wa Michenzani

Nimerekebisha yote. Inakwenda leo baada ya Isha. Jibu likija nitaliweka hapa hapa mlisome.