Naomba ushauri: kugeuza kurasa za PDF kuwa picha bila kuzipandisha mtandaoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Niko Chake Chake. Nina faili moja la PDF, kurasa 46: hati za shamba la mikarafuu aliloacha babu, pamoja na karatasi za mirathi. Shangazi zangu walioko Unguja wanataka kila ukurasa uwe picha, maana simu zao hazifungui PDF.

Tovuti za kugeuza bure zimejaa, lakini nilizoziona zinataka nipandishe faili kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Karatasi zenyewe zina majina, saini na alama za vidole gumba vya wazee. Moyo umekataa kabisa.

Nimejaribu kupiga picha ya skrini, muhuri ukawa doa la wino tu. Programu ya LibreOffice Draw nayo inanitolea ukurasa mmoja mmoja. Nimefika wa tisa nikachoka.

Kompyuta yangu ni ya Windows 10, RAM GB 4. Je, kuna programu ya kutoa kurasa zote kwa mpigo bila intaneti? Na niweke nukta ngapi kwa inchi, 150 au 300, mwandiko wa mkono usomeke na picha zisiwe nzito mno kutuma kwa WhatsApp?