Naomba ushauri: kipimo cha jeni ya HER2 kwa dada yangu

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Dada yangu, mkazi wa Tabora mjini, amegundulika kuwa na saratani ya titi. Majibu ya maabara yanaonyesha kuwa uvimbe una vipokezi vya homoni ya estrojeni, jambo linalotupa matumaini kwamba tamoksifeni, dawa inayozuia homoni hiyo kuchochea uvimbe, itamsaidia, lakini kipimo cha HER2, protini ambayo ikizidi huchochea saratani kukua, kimetoka 2+, yaani hakisemi ndiyo wala hapana, na daktari ameshauri zihesabiwe nakala za jeni inayotengeneza protini hiyo kwa kipimo kiitwacho FISH. Nimeelewa kuwa trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wale ambao nakala za jeni hiyo zimezidi. Kumpa asiyestahili ni kumwongezea gharama na kuuhatarisha moyo wake bure.

Je, kuna aliyewahi kutuma kipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta kutoka huku hadi Dar es Salaam au Mwanza bila mgonjwa mwenyewe kusafiri, na alilipia kiasi gani? Je, kemotherapia inaweza kuanza wakati majibu yanasubiriwa? Nauli ya treni tunayo. Kinachotunyima usingizi ni muda, kwa kuwa uvimbe haungoji.